Kamba Tulizowapelekea Baba Zao

Vijana wenzangu wa ofisini mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi na watoto wa askari wakati wa vita vikuu vya pili, ili ikae kwenye jalada na wengine wasome. Nimekubali kwa sababu nimestaafu, na asubuhi sina kazi zaidi ya kugombana na kuku. Ila nawaonya mapema. Mnadhani nitawaeleza mpango. Mpango mimi sikuuona. Miaka yote ile ya vita niliamka, nikavaa, nikaenda kazini Same, na nikifika sijui vizuri ninatakiwa kufanya nini. Wakubwa wangu, nikiwatazama usoni, niliona nao hawajui. Ninyi mna mafaili ya rangi rangi. Sisi tulikuwa na vumbi.

Nilikuwa mwalimu wa misheni, binti wa Chome, nimeshuka Same kwa sababu ya ndoa. Siku moja nikaitwa bomani. Nilikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi nikiwaza nimekosa nini. Jua lilipokuwa la utosi akatoka Bibi, mke wa mzungu mmoja wa serikali, mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka, ambaye Kiswahili chake alijifunzia jikoni kwake, kwa hiyo kila alilosema lilisikika kama anaagiza chakula. Akaniambia wanaume wengi wa milimani na wa tambarare wameingia jeshini, watoto wao wamebaki, na watoto hao wasisahauliwe. Kila Jumamosi nitakuwa nao mimi.

"Niwafanyie nini, Bibi?"

"Wafurahi," akasema. "Na wawe hodari."

Nikauliza ni watoto wa umri gani. Akasema wote. Nikauliza ni kwa muda gani. Akasema mpaka vita viishe. Nikaona nikizidi kuuliza nitapata majibu mabaya zaidi, nikashukuru nikaondoka.

Tangazo lilipelekwa kwa majumbe, nao wakalitangaza kila mmoja kwa namna yake. Jumamosi ya kwanza nilifika kwenye ukumbi wa mabati tuliopewa nikiwa na kengele ya chuma cha reli, mpira wa matambara na nyimbo tatu. Nilikuta uwanja umejaa. Akina mama wamevaa kanga mpya, watoto wameogeshwa na kupakwa mafuta mpaka wanang'aa, na kila mtoto ana kifurushi. Nikadhani ni zawadi. Nikafungua kimoja, nikakuta viazi vitamu vilivyochemshwa, nguo ya kubadili na kipande cha blanketi. Mama mmoja akaniuliza treni inafika saa ngapi. Nikamwuliza treni gani. "Ya kuwapeleka kwa baba zao," akasema. Jumbe wake alikuwa ametangaza kwamba watoto wote wa askari waje Same kwa ajili ya baba zao, naye alikuwa ameagana na mwanawe njia nzima.

Ilinichukua asubuhi yote kuwaeleza kwamba hakuna safari. Wengine walikasirika, wengine walinikumbatia, na wawili waliondoka wakiwa wameshikilia kwamba treni ipo ila mimi nimeificha. Waliobaki tulikula vile viazi pamoja. Ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, na tangu hapo nilijua kwamba kazi hii itanishinda kwa njia ambazo sitaziona zikija.

Kati ya waliobaki alikuwepo Nakijwa. Alikuwa na miaka kama mitano, mwembamba, mwenye maswali. Baba yake, Yonazi, alikuwa mkulima wa Chome aliyeingia jeshini yeye mtoto akiwa bado anatambaa. Baada ya mumewe kuondoka, mama yake alifunga nyumba ya mlimani akashuka kukaa kwa kaka yake Same, kwa sababu treni iko Same na barua huja na treni. Nakijwa alikuwa mtoto wao wa pekee. Aliniuliza siku ile ile, "Mwalimu, baba akiniona atajuaje ni mimi?" Nikamwambia damu hujuana. Nilisema tu, kwa kuwa mtoto alikuwa anasubiri jibu.

Msaidizi wangu mkubwa hakuletwa na serikali. Alijileta mwenyewe. Alikuwa Mzee Rajabu, Mwislamu wa hapo mjini, fundi wa viatu, ambaye katika vita vya Mjerumani alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi akazunguka nayo miaka. Jumamosi ya tatu alikuja na kigoda chake, akakaa mlangoni akishona makubazi, akatusikiliza. Nilipowaimbisha watoto wimbo wa Bibi wa kuwa hodari, akatikisa kichwa. Watoto walipokwenda kucheza nikamfuata.

"Shikamoo mzee. Naona hukupendezwa."

"Marahaba, mwanangu. Wimbo mzuri. Mimi nafikiria tu jambo langu." Akakata uzi kwa meno. "Niliondoka nimeacha mtoto anatambaa. Kule porini kila siku nilikuwa namwona anatambaa. Njaa, homa, mizigo, na yeye anatambaa. Nimerudi, nakuta jitu refu limesimama mlangoni, linanitazama, linakimbia kujificha mvunguni. Nilikaa naye mwaka mzima nikimtafuta yule wangu."

"Hukuwa ukipata habari?"

"Barua zilikuja mbili. Zilisema wote wazima. Mtu mzima ana urefu gani, Mwalimu?"

Swali hilo nililala nalo wiki nzima. Ndilo lililozaa wazo langu, ambalo nililionea fahari kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya, na ambalo sasa nikilitaja nakuna kichwa.

Wenye busara wenzangu, fikirini. Karibu akina baba wote hawakujua kusoma. Akina mama nao hawakujua kuandika. Barua zetu niliziandika mimi, zikasomwa huko na makarani wa jeshi, na karatasi yenyewe ilikuwa adimu. Lakini katani ilikuwa tele. Mashamba ya mkonge yalitupa bonge zima la kamba nyembamba, bure. Nikawasimamisha watoto mmoja mmoja kwenye mwimo wa mlango, bila viatu, kisigino ukutani, nikavuta kamba kutoka unyayoni mpaka utosini, nikaikata kwa mkasi. Mzee Rajabu aliikunja ikawa duara dogo. Tukaitia kwenye bahasha, juu tukaandika jina la baba, namba yake ya jeshi na jina la mtoto. Basi. Barua isiyohitaji msomaji. Baba ataikunjua, ataining'iniza mbele yake, na atajua mwanawe amefika wapi.

Watoto walifurahi kupita kiasi. Kila mmoja alitaka kuonekana mrefu, na mmoja nilimkuta ameficha kokoto chini ya nyayo. Akina mama walicheka. Mama Nakijwa alishika ile kamba akaipima kifuani kwake, akasema, "Kumbe mwanangu ananifika hapa! Baba yake atapata wazimu." Bibi naye alikuja kuona, akasema ni kitu kizuri sana, akaandika habari zake kwa wenzake. Hakuna aliyetia neno. Nataka mlikumbuke hilo: tulikuwa watu wengi pale, wenyeji na wageni, na hakuna aliyetia neno.

Majibu yalianza kufika baada ya miezi. Askari mmoja wa huku Jipe, mvuvi, alituletea kamba yake mwenyewe, akisema ni mzingo wa kiuno chake, mkewe aone jeshi linavyolisha. Ilikuwa ndefu kweli. Mkewe aliizungusha mara mbili akaishiwa nguvu kwa kucheka. Mwingine wa Kisiwani aliomba apelekewe kamba kila baada ya mavuno. Nilijaza majibu kwenye boksi la sabuni nikajiona mtu wa maana.

Lakini baba wa milimani walinyamaza. Mmoja aliyekuwa akiandika kila mwezi akaacha. Wa pili akaandika kwa mkewe mistari miwili ya pole ambayo mke hakuielewa, na mimi niliyemsomea sikuielewa. Nikafikiri labda kuna mapigano makali. Nikafikiri labda barua zimechanganywa njiani. Nilifikiri kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa mikononi mwangu.

Kisha ikaja barua ya Yonazi, si kwa mkewe bali kwangu, kwa mwandiko wa karani wa jeshi. Naikumbuka yote kwa sababu haikuwa ndefu. Ilisema: "Mwalimu, salamu. Kamba ya mwanangu nimeipata. Nakushukuru kwa kunifanyia heshima hiyo. Mama yake asihangaike kuniandikia, najua hali yake. Naomba nijulishwe amezikwa upande gani wa shamba. Likizo yangu nimempa mwenzangu ambaye bado ana watoto. Vita vikiisha nitabaki hukuhuku nitafute kazi, maana nyumbani sina tena ninayemrudia."

Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa ukumbi. Mbele yangu, uwanjani, Nakijwa alikuwa anaruka kamba na wenzake, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, anahesabu kwa sauti. Nikaisoma tena. Nilimwita aje karibu nikamshika bega, kuhakikisha. Akaniuliza amekosa nini. Nikamwambia aendelee kucheza.

Mzee Rajabu alinisikiliza nikimsomea, akavua miwani. Hakuelewa naye. Kwao tambarare hakuna kitu kama hicho, alisema; marehemu hupimwa kwa fimbo, fimbo ikatupwa. "Nenda kwenu juu," akaniambia. "Huyu ni mtu wa kwenu. Kaulize wazee wa kwenu." Lakini kwanza ilibidi nimwambie Mama Nakijwa. Nilimkuta anatwanga. Nilipomaliza kusoma alibaki ameshika mchi hewani.

"Kafa nani?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi mume wangu anamlilia nani?" Mchi akauweka chini. "Mwalimu, wewe ndiye uliyepima. Wewe ndiye uliyekata. Sasa mume wangu ana msiba usiokuwa na maiti na amesema harudi. Utamtoa huko vipi?"

Kesho yake nilipanda Chome, njia ya Mwembe, siku nzima ya kutembea, nikafika ukungu umeshuka kutoka msitu wa Shengena na siwezi kuona migomba ya nyumbani kwetu mpaka niiguse. Baba yangu alikuwa anapasua kuni. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza yote tangu mwanzo. Nilipofika kwenye kamba akaacha shoka likae kwenye gogo.

"Mlimpima mtoto kwa kamba."

"Ndiyo, baba."

"Ikakatwa, ikakunjwa, ikapelekwa kwa baba yake aliye mbali. Bila neno."

"Ndiyo."

Alikaa kwenye gogo. Kisha akanieleza jambo ambalo nimezaliwa kando yake na sikuwahi kulijua. Katika vijiji vyetu vya juu, mtu akifa, wanaume wawili huingia na kamba, humpima, huikata, hutoka nayo kwenda kuchimba. Na kama marehemu ana ndugu wa karibu aliye safarini, kamba ile haitupwi. Hukunjwa ikatunzwa. Siku ndugu yule akirudi, au ikipatikana njia ya kumfikishia, hupewa mkononi bila maneno. Hakuuona mwili, basi huishika kamba, naye hulia, na huko ndiko kuzika kwake.

"Mbona sisi hatujui?" nikamwuliza. Nilikuwa na hasira na sijui nilimkasirikia nani.

"Wanawake mko ndani mnalia. Hayo ni ya nje, ya wanaume. Hamkuuliza."

"Na ninyi hamkusema!"

"Kwa nini tuseme? Nani angefikiri kumpima mtoto mzima kwa kamba?"

Ndivyo ilivyokuwa. Waliolijua jambo hilo walikuwa wanaume wa milimani, na wanaume wa milimani wenye umri wa kuniambia ama walikuwa huku juu hawashuki Same, ama walikuwa vitani wanapokea kamba. Nilirudi chini. Nilikuwa nimewazika watoto wanne wa Chome na vijiji vya jirani, wote wazima, wote wanakula uji wangu kila Jumamosi.

Niliandika barua usiku na mchana, mtanisamehe maneno hayo, lakini ndivyo. Nikawaeleza wote wanne kosa langu. Watatu, kwa muda wao, walirejea kuandika. Mmoja alinitukana kwa ukurasa mzima na nilifurahi kutukanwa. Yonazi akajibu: "Nakushukuru kwa kunifariji. Una moyo mzuri." Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Mtu unamwambia mwanawe yu hai, anakujibu una moyo mzuri!

Nikamwendea Bibi. Yeye alisikitika sana, akatoa kamera yake, akampiga Nakijwa picha amesimama mbele ya ukumbi, na ikapelekwa. Jibu: "Mtoto niliyeonyeshwa ni mrefu, ana meno makubwa. Wangu hakuwa hivyo. Msimtumie mtoto wa watu." Bibi alilisoma jibu hilo mara tatu. Akaniuliza kama labda tumempiga picha mtoto mwingine. Nilikasirika, kisha nami, nawaambia ukweli, nilikwenda kumtazama Nakijwa upya usoni.

Ndipo Mzee Rajabu alipotoa shauri. Tulikuwa tumekaa mlangoni, yeye na kiatu mapajani. "Aliyekufa hakui," alisema. "Mpime tena. Imepita mwaka. Kamba itakuwa ndefu zaidi. Mpelekee. Akiziweka sambamba ataona mwenyewe." Nilimshika mikono yule mzee. Ilikuwa wazi, ilikuwa rahisi, na tulishangaa kwa nini hatukuiwaza mapema. Mama Nakijwa hakutaka kuona kamba tena, lakini nilimbembeleza mpaka akakubali, akageuka asitazame. Mtoto alikuwa ameongezeka upana wa kiganja kizima. Tuliikunja, nikaandika barua ndefu ya kueleza, bahasha ikaondoka.

Jibu halikuja. Miezi ikapita. Nakijwa aling'oka meno mengine mawili. Kila Jumamosi aliniuliza kama baba ameiona kamba mpya, na mimi nilijibu lazima ameiona. Mama yake aliacha kuuliza. Alianza kuvaa kaniki, na sikuthubutu kumwuliza anamvalia nani.

Vita vikaisha. Tulijua kwa sababu kengele zililia na Bibi alilia. Askari walianza kurudi kwa makundi, na kila treni ilipotoka upande wa Tanga kituo kilijaa. Watoto wangu walikuja na nyimbo zao za uhodari wakazisahau zote walipoona magwanda. Wengine walirukia watu wasiokuwa baba zao. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya miezi ile: kuwatenganisha watoto na baba wa wenzao.

Habari za Yonazi zilifika kupitia askari wa Mwembe: naye ameachishwa, jeshi halikumpa nafasi ya kubaki huko, atakuja na treni za wiki hiyo. Mama Nakijwa alipanda Chome siku hiyo hiyo. Alisema mume hapokelewi kwenye nyumba ya shemeji; yeye anakwenda kufagia, kuwasha moto na kupika makande. Nadhani pia aliogopa. Mtoto aliniachia mimi. "Wewe ulimpeleka huko msibani," aliniambia, "wewe umpokee."

Tulikwenda kituoni siku mbili mfululizo. Siku ya pili, asubuhi, treni ilishusha askari wengi. Watu walilia, wakabebana, wakaondoka. Akabaki mmoja kwenye bomba la maji, mrefu, mkongwe kuliko umri wake, ana kovu la panga kidevuni. Hakuwa anamtafuta mtu. Nakijwa alinivuta mkono. "Mama aliniambia kovu," akasema, na kabla sijajipanga akanichopoka, akaenda, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, vile ambavyo mtu mzima humjibu mtoto yeyote. Akatia mkono mfukoni akampa biskuti. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Yonazi wa Chome."

Nilikuwa nimefika. Hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

"Mwalimu wa kamba ni wewe?"

"Ni mimi. Nisamehe, kaka. Huyu ndiye. Huyu ndiye mwenyewe."

"Nilipata ile ya kwanza," akasema, taratibu. "Nikanyoa nywele. Nikakaa siku zangu, wenzangu wakanipa pole. Kisha ikaja ya pili, ndefu zaidi. Nikajua amefuata mwingine. Nilidhani mtoto wa ndugu yangu. Nikanyoa tena."

"Lakini niliandika! Barua ilikuwa na kamba, nilieleza kila kitu!"

"Barua nasomewa, Mwalimu. Aliyekuwa akinisomea ni mtu mwema sana. Mwenzetu alifiwa na mama yake. Yeye alimsomea kwamba mama anasalimu na mbuzi wamezaa. Tuligundua baadaye. Tangu hapo barua zikiwa na habari njema mimi nashukuru tu." Akafunga bomba. "Kamba nilijisomea mwenyewe."

Nimeulizwa mara nyingi, na ninyi mtaniuliza, ningefanya nini tofauti. Sijui. Nimekaa katika kazi hii mpaka nimestaafu, nimeendesha mabaraza ya vijana kuanzia Mwanga hadi mpakani, na bado sijui. Wanaokuja kutoka makao makuu husema tuwashirikishe wenyeji. Mimi nilikuwa mwenyeji. Nawaambieni tu, mkitaka kumpelekea mtu kitu akisome peke yake, kwanza tafuteni mtu kama yeye mumpe mkononi, mnyamaze, mtazame uso wake.

Pale bombani sikuwaza hayo. Nakijwa alikuwa anakula biskuti, anatazama huku na huku baina yetu.

"Nimeshamlia nikamaliza," Yonazi akaniambia kwa sauti ya chini. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaomba msaada, na alimwomba mtu asiyefaa. "Sasa nianzie wapi?"

Mtoto ndiye aliyefuta makombo mdomoni, akashika mkanda wa begi la baba yake. "Twende," akasema. "Mama amepika makande. Na Chome ni mbali."

Nilifuatana nao, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kuwaacha. Nakijwa alitangulia na begi, Yonazi nyuma yake hatua kumi hivi, mimi nyuma ya wote. Hakumshika mkono. Hakumkaribia. Tulipoanza kupanda baada ya Mwembe njia ikawa na kona, na kwenye kona ya kwanza mtoto akapotea machoni mwetu nyuma ya mwamba. Yonazi akasimama ghafla.

"Nakijwa!" akaita. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akilitaja jina hilo.

"Abee!" akaitika huko mbele.

Akaendelea kutembea. Kona ya pili, akaita tena. "Abee!" Ya tatu. Ya nne. Ukungu ulianza kushuka tukawa hatumwoni kabisa hata pasipo kona, naye akawa anaita kila baada ya hatua chache, na mtoto anaitika, mpaka sauti ikaanza kumkauka kwa uchovu. Mwishowe mtoto akasimama akatungoja. Tulimkuta amekaa kwenye jiwe, begi miguuni.

"Baba," akasema, "mbona unaniita na mimi nipo?"

Yonazi alichuchumaa mbele yake. Mikono yake ilikuwa magotini, haijui pa kwenda.

"Najua upo," akamwambia. "Wewe itika tu."